Je, baba anaweza kumfundisha mwanawe gofu bila kumchosha? Mfano wa familia ya Love

Mzazi wa Gofu:
Wanajamvi, salaam. Nimekuwa nikisoma habari za Davis Love III, Mmarekani aliyeshinda mashindano 21 ya PGA Tour, mfululizo mkuu wa mashindano ya gofu ya kulipwa huko Marekani. Baba yake, Davis Love Jr., alikuwa mchezaji na mwalimu wa gofu, na Dru, mwana wa huyo Davis III, naye amekuwa mchezaji wa kulipwa. Mimi ninamfundisha binti yangu wa miaka kumi, na kila nikimrekebisha namna anavyoshika fimbo, hununa. Wanaoifahamu familia hiyo wanieleze, tafadhali: yule mzee aliwezaje?

Kedi Mstaafu:
Ndugu yangu, katika nyumba ile gofu ilimtangulia mtoto. Aprili 1964 baba alikuwa miongoni mwa waliomaliza wakiongoza siku ya kwanza ya Masters, moja ya mashindano manne makubwa ya gofu, na mtoto akazaliwa siku moja tu baada ya mashindano kwisha. Hata hivyo kazi yake kubwa ilikuwa kufundisha, na masomo yake aliyaandika kwa mkono kwenye karatasi za manjano zenye mistari. Alipofariki katika ajali ya ndege ndogo huko Florida, Novemba 1988, mwanawe alikuwa na miaka 24 na ushindi mmoja tu wa PGA Tour, na maandishi hayo ndiyo aliyobaki nayo. Mwaka 1997, pale kwenye uwanja wa Winged Foot, New York, mvua ilikuwa imenyesha, na Davis alipofika shimo la mwisho upinde wa mvua ukatanda angani. Akautumbukiza mpira, akatwaa PGA Championship, taji lake la pekee katika yale mashindano manne makubwa. Nilitokwa na machozi, na sioni haya kusema hivyo.

Mwalimu wa Zamani:
Naomba kuongeza jambo ambalo naona ndilo jibu lenyewe. Baba huyo naye alikuwa mwanafunzi: alipokuwa chuo kikuu Texas alifundishwa na Harvey Penick wa Austin, kwa hiyo alichompa mwanawe kilikuwa kimepitia mikono ya mzee mwingine. Penick alifariki tarehe 2 Aprili 1995, siku ileile Davis aliposhinda New Orleans na kujipatia nafasi ya kucheza Masters. Wiki iliyofuata akawa wa pili, pigo moja tu nyuma ya Ben Crenshaw, mwanafunzi mwingine wa Penick, ambaye Jumatano ya wiki hiyo alikuwa ametoka kumzika mwalimu wake. Penick hakumruhusu Crenshaw kumtazama Tom Kite, mwanafunzi wake mwingine, akifundishwa, wala Kite kumtazama Crenshaw, kwa kuwa somo la mmoja lingeweza kumharibu mwenzake. Huenda mkono wa binti yako hautaki mshiko wako.

Mama Wawili:
Mimi nakumbuka zaidi US Open ya gofu ya 2017 kule Erin Hills, Wisconsin. Dru ndiye aliyecheza, na baba yake, mwenye umri wa miaka 53 na aliyekwisha kuwa nahodha wa Marekani mara mbili katika Kombe la Ryder, shindano la timu za Marekani na Ulaya, alimbebea mkoba wa fimbo.

Mzazi wa Gofu:
Nawashukuru sana, hasa wewe Mwalimu. Jumamosi nitambebea binti yangu mkoba, na habari ya mshiko sitaigusa mpaka aniulize mwenyewe.