Naombeni ushauri: nimepata 5 kati ya 20 testi ya sosholojia, hawa wazee wanne wa nadharia wananichanganya

Mpangaji wa Tandale

Wakuu salaam. Nipo mwaka wa kwanza chuo kimoja hapa Dar. Testi ya kwanza ya sosholojia nimeambulia 5 kati ya 20. Sio kwamba sikusoma, madesa ya mwaka jana niliyameza yote: Comte aliyelipa somo jina lake, Durkheim na mshikamano, Marx na matabaka, Weber na urasimu. Nikamwaga kila kitu. Mhadhiri kaandika neno moja kwa kalamu nyekundu: "Kwa hiyo?"

Sasa kuna insha: chagua jambo moja la mtaani kwako, ulieleze kwa nadharia mbili. Nimewaza daladala, vigodoro, misiba. Kila nikianza najikuta naandika "Durkheim alizaliwa mwaka 1858 Ufaransa", kisha nakwama. Mjomba anayenilipia ada anasema nihamie uhasibu mapema. Nifanyeje? Matusi hapana.

Hesabu Kali

Msikilize mjomba. Sosholojia utamuuzia nani?

Dada wa Ustawi

Achana na huyo wa juu. Mimi hilo somo ndilo linalonilisha, nipo ustawi wa jamii.

Mdogo wangu, hiyo "Kwa hiyo?" ni msaada, sio kejeli. Umewakariri hao wazee kama majibu, wakati kila mmoja alikuja na swali lake. Chukua msiba. Turubai limeziba njia, wanaume wamekaa nje kwenye viti vya plastiki, akina mama uani wanamenya vitunguu. Pembeni kuna meza ndogo, kijana ana daftari, anaandika jina na kiasi. Elfu mbili, elfu tano. Hakuna sheria ya nchi inayokulazimisha kutoa. Haya, ruka misiba mitatu mfululizo, halafu ufiwe wewe uone watakaokuja kukaa kwako.

Hicho kinachokusukuma utoe hukukianzisha wewe. Umekikuta Tandale ulipohamia, na ukihama utakiacha palepale. Durkheim alikiita ukweli wa kijamii, na mwaka 1895 alitoa kitabu kizima kuhusu namna ya kukichunguza. Miaka miwili baadaye akachagua jambo ambalo kila mtu aliamini ni siri ya moyo wa mtu, kujiua, akaonyesha kwamba viwango vyake vinatofautiana kati ya Waprotestanti na Wakatoliki, kati ya waliooa na wasiooa. Kwa hiyo anza na daftari. Mwaka wa kuzaliwa kwake waachie wanaochonga makaburi.

Konda Mstaafu

Mimi sijasoma chuo, ila huyo Marx nadhani namjua kwa mwili. Nimefanya ukonda Mbagala–Kariakoo miaka minane. Alfajiri mnakabidhiwa gari, jioni tajiri anataka hesabu yake kamili, mafuta juu yenu, trafiki juu yenu, kinachobaki ndio mnagawana. Mshahara hakuna. Ndio maana dereva anachomekea, na abiria anamtukana dereva. Hakuna hata siku moja niliposikia abiria akiuliza gari la nani.

Msomi wa Jioni

Konda umeongea vizuri kuliko madesa. Ila dogo, kuwa makini hapo. Marx alikuwa anamchambua zaidi mfanyakazi wa ujira, na hao wa hesabu wanabaki na kinachozidi, kwa hiyo hawaingii sawasawa. Juzuu ya kwanza ya Das Kapital, 1867, ina sura ya malipo kwa kipande, yaani kulipwa kwa idadi ya vitu ulivyotengeneza: malipo ya namna hiyo yanamfanya mtu ajikimbize mwenyewe bila kusimamiwa. Anzia hapo, kisha useme wazi daladala inafanana wapi na inatofautiana wapi. Alama zipo kwenye hiyo tofauti.

Bin Forodhani

Mbona Ibn Khaldun hamumtaji? Mzaliwa wa Tunis, aliandika kitabu cha Muqaddima mwaka 1377. Asabia yake, ule mshikamano wa kundi, imetangulia karne tano kabla ya hao Wazungu.

Dada wa Ustawi

Kweli kabisa sheikh. Amtaje, lakini asimtupie mstari mmoja wa mapambo.

Na Weber je? Madesa yanasema urasimu ni usumbufu wa ofisini. Kwa Weber ni utawala wa kanuni, mafaili na vyeo. Ukifuata barua ya utambulisho serikali ya mtaa, nguvu ipo kwenye kiti na muhuri. Mwenyekiti akimaliza muda wake, muhuri anauacha. Rudi sasa kwenye msiba: yule mzee anayesema "tunazika saa kumi" na watu wote wakanyamaza, muhuri wake uko wapi? Hiyo ni mamlaka ya jadi. Durkheim kwenye daftari, Weber kwa mzee, insha ni moja. Ukitaka Marx, sikiliza nani anatangazwa kwa kipaza sauti akitoa laki tano, na nani anaishia kuandikwa tu.

Mpangaji wa Tandale

Mrejesho wakuu. Jumamosi kulikuwa na msiba mtaa wa pili, nikakaa karibu na meza. Akaja baba mmoja, kabla ya kutoa akaomba daftari la zamani. Wakapekua, akaonyesha kwa kidole mstari wenye jina la marehemu: elfu kumi, alizotoa kwenye msiba wa mama wa huyo baba. Akatoa elfu kumi ileile, hata mia haikuzidi. Nimeandika kurasa mbili na Durkheim bado hajazaliwa. Mjomba nimemwambia asubiri matokeo ya semista.

Swali: majina ya kwenye daftari niyaandike?

Dada wa Ustawi

Hapana! Andika "jirani wa kwanza", "jirani wa pili". Na mwenye daftari umemwomba ruhusa?

Mpangaji wa Tandale

Nimemwomba. Kafungua ukurasa, kaniambia nilipe kwanza elfu tatu niliyoahidi msiba wa mwezi wa tano.