Sangin, Afghanistan: ni nini hasa kilichokuwa kinapiganiwa?

Mwanafunzi, Goma

Wakubwa zangu, shikamooni. Ninaandika kazi ya chuo kuhusu wilaya ya Sangin, katika jimbo la Helmand. Waingereza waliingia huko mwaka 2006, wakapoteza askari zaidi ya 100, wakawaachia Wamarekani mwaka 2010, na bado Taliban wakauteka mji Machi 2017. Wengi hutaja biashara ya afyuni, lakini sidhani kwamba inatosha kueleza ukaidi wa namna ile.

Mwalimu mstaafu, Bukavu

Marahaba, mwanangu. Anza na mto Helmand. Kando yake kuna ukanda mwembamba wa mashamba yanayonyweshwa kwa mifereji, na ng'ambo ya ukanda huo ni jangwa, kwa hiyo ardhi na maji ndiyo uhai wenyewe. Wakazi ni Wapashtuni, ila wa koo zinazoshindana. Baada ya utawala wa Taliban kuangushwa mwaka 2001, vyeo viliangukia kwa ukoo wa Waalikozai, na ukoo wa Waishaqzai, waliodhulumiwa na wenye vyeo hao, wengi wao wakakimbilia Taliban. Askari wa kigeni alipokuja kuilinda serikali, Mwishaqzai aliona jirani yake ameongezewa bunduki. Nao Waalikozai hawakusalimika: mwaka 2007 baadhi yao waliwainukia Taliban, wakaachwa bila msaada, wakashindwa. Sisi wa Kivu, tunaojua ugomvi wa shamba unavyoweza kuvikwa sare ya jeshi, hatuna haki ya kulisoma jambo hili juujuu.

Fundi wa umeme, Lubumbashi

Naongezea habari ya barabara, dada au kaka uliyeuliza. Njia ya kwenda bwawa la Kajaki hupita Sangin, na ilitegwa mabomu yenye chuma kidogo mno, kiasi kwamba vifaa vya kutambua metali viliweza kuyapita bila kuyagundua. Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba 2008 Waingereza walisafirisha mtambo wa kuzalisha umeme hadi Kajaki kwa msafara wa magari yapatayo 100, wakilazimika kuzunguka jangwani. Mtambo ulifika salama, lakini kuufunga kulihitaji mamia ya tani za saruji, ambazo hazingeweza kupita barabara ile, ukabaki umelala vipande vipande kwa miaka mingi. Inauma sana.

Mwanafunzi, Goma

Asanteni sana. Nitaanza na mifereji na koo, kisha barabara. Afyuni itafuata baadaye, pamoja na marufuku ya Taliban ya Aprili 2022 dhidi ya kilimo chake.