Mjadala: Bodoni na jamaa zake ziingie ndani ya kitabu, au ziishie kwenye jalada?

Mleta mada

Wadau wa vitabu, salaam. Siku hizi kitabu kikisifiwa kuwa "kina hadhi", ukikifungua utakuta fonti ya aina moja: nguzo za herufi nene zimekolea, viunganishi (mistari inayounganisha nguzo) vyembamba mno, na vijiguu vya mwisho, yaani vistari vya kwenye ncha za herufi, vimenyooka kama wembe. Ndiyo mitindo iliyoshika kasi miaka ya 1780 kwa Firmin Didot wa Paris na Giambattista Bodoni wa Parma. Kwetu inayotamba zaidi ni Playfair Display ya Claus Eggers Sørensen, iliyotoka 2011, na sababu haijifichi: ni ya bure.

Msimamo wangu: jalada na vichwa vya sura, ruksa. Matini ya ndani yenye pointi 10 au 11 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi), hapana.

Nina riwaya hapa mezani, mchapishaji simtaji. Karatasi ni ile ya bei nafuu inayokunywa wino. Ukurasa mmoja wino ulikuwa haba, kile kijistari cha katikati ya "e" kimekatika na herufi inasomeka "c". Kurasa chache mbele wino umezidi, tumbo la "a" limeziba. Halafu kuna jambo ambalo vitabu vya usanifu vya Wazungu havitakuambia, kwa sababu haliwahusu. Andika "nimenunua" kwa Bodoni ndogo. Hesabu nguzo zinazosimama wima: n, i, m, n, u, n, u, zote unene mmoja. Viunganishi vikipotea kwenye karatasi, jicho haliwezi kujua n inaishia wapi na u inaanzia wapi. Na lugha yetu imejaa maneno ya namna hiyo, ukurasa hauishi bila "tumeinunua" au "wamemnunia".

Karibuni, pingeni.

Mchangiaji wa kwanza

Napinga, mkuu. Malalamiko hayo yana zaidi ya miaka 250. John Baskerville wa Birmingham alipotoa kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil, mwaka 1757, wapo waliosema herufi zake nyembamba zitawapofusha wasomaji wa Uingereza. Benjamin Franklin, mchapaji na mwanasiasa wa Marekani, akamfanyia mmoja wao mtihani. Alichukua karatasi ya sampuli za Caslon, herufi ambazo kila mtu alizizoea, akachana jina la juu, akamwambia bwana yule hizi ni za Baskerville, hebu nionyeshe kasoro. Bwana akazionyesha moja baada ya nyingine, na akadai hawezi kuzisoma bila macho kumuuma! Franklin mwenyewe alimwandikia Baskerville kisa hicho mwaka 1760.

Isitoshe, karne yote ya 19 Ulaya na Marekani walisoma magazeti, riwaya na vitabu vya shule kwa herufi za ukoo huohuo wa Bodoni na Didot. Hawakupofuka. Ni mazoea tu. Msomaji wa Kiswahili kahukumiwa Times New Roman maisha? Naye anastahili kitu kizuri mkononi.

Mleta mada

Kisa cha Franklin nakikubali, na ni kitamu. Kinathibitisha kwamba watu hulalamika kwa chuki. Hakithibitishi kwamba mstari mwembamba utaponea kwenye karatasi yoyote. Baskerville alijitengenezea wino wake, na kurasa zilizochapwa alizibana kwa mabamba ya shaba ya moto mpaka zikawa laini. Bodoni alikuwa na kiwanda cha Mtawala wa Parma tangu 1768. Hao hawakuwa wakitafuta nukuu ya bei ya chini mtaani.

Na hizo herufi za karne ya 19 zilizosomwa na umma zilikuwa zimenenepeshwa viunganishi kwa ajili ya ukubwa mdogo. Hapo ndipo penye kiini. Enzi za herufi za madini ya risasi kila ukubwa ulichongwa peke yake. Jonathan Hoefler alipolichorea jarida la Harper's Bazaar Didot mpya, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alichora matoleo saba kwa saizi tofauti, ili mistari myembamba isikatike maandishi yakiwa madogo. ITC Bodoni ya 1994 ina matatu: la pointi 6, la 12 na la 72. Sisi tunachukua lile la vichwa, tunalipunguza hadi 10, tunasema Bodoni. Hata Sørensen baadaye ametoa Playfair inayojirekebisha kwa kila saizi, nayo ni bure. Kwa hiyo nalegeza kamba: atakayetumia toleo la saizi ndogo ndani ya kitabu, sina ugomvi naye. Times New Roman mimi sikuitetea.

Mchangiaji wa pili

Niko upande wa mashine, naomba niseme machache. Mnaleta PDF fonti zikiwa zimeshafungwa humo, mnataka mzigo kesho. Mimi sibadilishi herufi ya mtu. Mkitaka usalama, chapeni kurasa nne za majaribio kwenye karatasi ileile ya kazi na mashine ileile, si printa ya ofisini, maana ile haimwagi wino kama ofseti, mashine kubwa ya kiwandani. Gharama ya kurasa hizo nne na pleti zake, yaani mabamba ya kuchapia, wengi hawataki kuilipa. Mwandishi anasema ni ya mchapishaji, mchapishaji anasema ni ya mwandishi. Hilo nalo mlijadili.