Mwanga wa kaskazini, Machu Picchu au kupatwa kwa jua 2027: nichague safari ipi kwa wazazi?

Upepo wa Kusi (mwanzisha mada)
Habari zenu wanajukwaa. Nina orodha ya mambo ambayo ningependa kuyatimiza kabla sijaondoka duniani, na kwa miaka mingi imekaa bila kuguswa. Sasa mimi na ndugu zangu tumekubaliana kuunganisha akiba zetu tuwapeleke wazazi kwenye safari moja kubwa, ya pamoja, itakayokumbukwa. Tumebakiwa na chaguo tatu: kwenda Tromsø, Norwe, kuutazama mwanga wa kaskazini, ile miale ya rangi inayocheza angani usiku; kwenda Peru kuiona Machu Picchu, magofu ya mji wa kale wa Wainka milimani; au kwenda Luxor, Misri, kushuhudia jua likipatwa kikamilifu tarehe 2 Agosti 2027. Wakala anataka malipo ya awali kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa uzoefu wenu, ipi ina thamani zaidi?

Karani
Ndugu Upepo, swali lako haliwezi kujibiwa jinsi lilivyo. Umetutajia sehemu tatu katika mabara matatu bila kutueleza wazazi wana umri gani, afya zao zikoje, mnasafiri watu wangapi, na kama kuna watoto. Hujasema pia mnaweza kusafiri miezi ipi, ilhali chaguo lako moja lina tarehe isiyosogezwa na mwanadamu, na jingine halina maana kabisa wakati wa kiangazi kwa sababu Tromsø katika majira hayo jua halizami na hakuna giza la kuonea chochote. Na la mwisho: hiyo orodha ni yako au ni ya wazazi?

Mtazama Nyota
Nitajibu bila kusubiri maelezo, kwa sababu kwangu mimi hapa hakuna mashindano. Machu Picchu itakuwepo mwaka kesho na mwaka kesho kutwa. Mwanga wa kaskazini huonekana kila majira ya baridi. Lakini kupatwa kwa jua kwa tarehe 2 Agosti 2027 kutadumu dakika 6 na sekunde 23 karibu na Luxor, na hakutatokea kupatwa kikamilifu kurefu kuliko huko hadi mwaka 2114. Hakuna hata mmoja kati yetu tunaoandika hapa atakayeliona hilo la pili. Isitoshe, anga ya Luxor mwezi Agosti karibu haina mawingu kabisa, jambo ambalo wafuatiliaji wa matukio haya hulitafuta dunia nzima.

Mtu asikudanganye kwamba ukikaa mahali ambapo jua litafunikwa kwa asilimia 99 utakuwa umeona karibu kila kitu. Asilimia moja ya jua inayobaki inatosha kabisa kulifanya anga libaki la mchana. Ni lazima uwe ndani ya njia ya kivuli, yaani ukanda mwembamba ambamo mwezi hulifunika jua lote, ndipo mchana ugeuke jioni ghafla, nyota kubwa zijitokeze na lile taji jeupe la jua lionekane kwa macho matupu.

Mkoba Mwepesi
Mtazama Nyota, kila mada ya safari inayofunguliwa hapa wewe unaipeleka angani. Umesahau kumwambia ndugu yetu kwamba Luxor mwezi Agosti joto hupita nyuzi 40, na kwamba tukio lenyewe litakuwa saa saba mchana, wakati jua liko juu kabisa. Unawaweka wazee kwenye uwanja wazi, katikati ya umati uliotoka kila pembe ya dunia, kwa ajili ya dakika sita. Barabara na hoteli zitakuwaje siku hiyo?

Mimi nasema Tromsø. Mji uko nyuzi 69 kaskazini mwa ikweta, ndani ya ukanda ambamo mwanga huo hutokea mara kwa mara, na kwa sababu ya mkondo wa bahari wenye joto, baridi yake si kali kama watu wanavyodhani. Kwa kawaida ni nyuzi chache tu chini ya sifuri. Wazee hukaa ndani ya gari lenye joto hadi kiongozi aone dalili, kisha wanashuka. Na hata ukikosa kuuona usiku mmoja, unao usiku mwingine. Kupatwa kwa jua ukikukosa, ndiyo basi.

Mtazama Nyota
Na mawingu ya pwani ya Norwe umeyaficha wapi? Watu hukaa Tromsø wiki nzima wakaondoka bila kuona chochote. Kama ni lazima mwanga huo, basi aende Abisko, Uswidi, ambako milima huzuia mawingu yanayotoka baharini na anga huwa wazi zaidi. Tena awaambie wazazi mapema kwamba kamera huona rangi kuliko jicho: ile kijani kali ya kwenye picha mara nyingi machoni huonekana kama ukungu mweupe unaocheza.

Kuhusu joto, nakubali ni kali, lakini njia ya kivuli haipiti Luxor peke yake. Inaanzia Atlantiki, inapita kusini mwa Hispania na kaskazini mwa Moroko, inavuka Algeria, Tunisia, Libya na Misri, kisha Saudia, ambako Jedda na Makka zote zimo ndani yake, ndipo iteremke Yemeni na Somalia. Tarifa, kwenye ncha ya Hispania, watapata zaidi ya dakika 4 pamoja na upepo wa bahari.

Shangazi Mtalii
Wanangu, naona hakuna aliyeigusa Peru, basi niiguse mimi, kwa kuwa nina la kusema.

Mama mkwe wangu aliiona picha ya Machu Picchu kwenye kalenda akiwa msichana wa shule, na tangu hapo hakuacha kuitaja. Mume wangu alipopata nafasi tuliamua tumpeleke mwenyewe, pamoja na watoto. Tulimwachia wakala mipango yote. Nilimuuliza waziwazi kuhusu mwinuko, kwa kuwa mama alikuwa na shinikizo la damu, naye akanijibu kwamba hilo huwasumbua wapanda milima tu. Basi akatukatia ndege kutoka Lima, mji ulio kando ya bahari, moja kwa moja hadi Cusco, ulio mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, tulale hapo na alfajiri tuondoke kwa gari kwenda kupanda treni.

Usiku ule mama hakulala. Kichwa kilimuuma hadi akawa anatapika, na pumzi ikawa fupi hata kwa kutoka kitandani kwenda msalani. Hoteli ikaleta mtungi wa oksijeni, daktari akaja, akasema ateremshwe mahali pa chini zaidi na apumzike. Kinachonikera hadi leo ni kwamba Machu Picchu yenyewe iko mita 2,430 tu, chini ya Cusco kwa karibu kilomita nzima! Kama tungetoka uwanja wa ndege tukateremka siku hiyo hiyo hadi Bonde Takatifu, kwenye miji ya Urubamba au Ollantaytambo, tukapumzika huko kabla ya kupanda treni, huenda mama angefika. Wakala anayeiuza njia hiyo kila msimu hakosi kulijua jambo hilo. Ila ratiba ya Cusco ndiyo aliyokuwa ameshaiandaa.

Tiketi za kuingia huwa na jina, namba ya pasipoti na saa maalumu, kwa hiyo hatukuweza kuzisogeza. Mume wangu alibaki bondeni na mama yake, mimi nikaenda na watoto kwa sababu mama mwenyewe alitufukuza twende. Aliiona Machu Picchu kwenye simu yangu, akaisifu picha moja baada ya nyingine, wala hakulalamika hata kidogo. Tuliporudi, bima ilikataa kulipa kwa sababu fomu aliyoijaza wakala haikutaja shinikizo la damu, ingawa nilikuwa nimempa barua ya daktari mkononi.

Sisemi msiende Peru. Nasema ulizeni njia inapitia wapi na mtalala wapi usiku wa kwanza. Tena mjue kwamba ndani ya magofu kuna ngazi nyingi za mawe zisizo na mahali pa kushika, mzunguko ni wa kwenda mbele bila kurudi nyuma, na vyoo viko nje ya lango tu. Kwa mzee, hayo si madogo.

Karani
Pole sana Shangazi. Kuhusu bima niongeze kwamba kampuni nyingi hutenga ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari, isipokuwa umetajwa na kukubaliwa kwa maandishi. Fomu hiyo ijazwe na msafiri mwenyewe au mwanawe, wakala asiiguse. Upepo, bado tunasubiri majibu yako.

Nahodha Mstaafu
Mnabishana kuhusu mambo yanayohitaji bahati. Mawingu yakija hakuna mwanga, mwinuko ukikataa hakuna magofu. Kwa nini hakuna anayetaja Mosi-oa-Tunya, yaani Maporomoko ya Victoria, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe? Maporomoko yenye upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108 hayajifichi. Mzee anatembea kwenye njia tambarare, anaona, analowa, anacheka. Nenda mwezi wa Aprili maji yakiwa mengi. Na ukipanga tarehe zako ziangukie mwezi mpevu utauona upinde wa mvua wa usiku, ambao watu wengi hawajui hata kama upo.

Mkoba Mwepesi
Nahodha, kwa heshima zote, hayamo katika chaguo tatu alizoziweka. Na maji yakiwa mengi kiasi hicho, ukungu hufunika kila kitu, unarudi na picha nyeupe tupu. Oktoba na Novemba nako upande wa Zambia hukauka karibu wote. Kwa hiyo bahati ipo hapo pia.

Upepo wa Kusi
Nawashukuru nyote, na Shangazi shikamoo na pole. Naomba radhi kwa kuchelewa. Majibu ni haya: baba ana miaka 74, anatumia dawa za shinikizo la damu. Mama ana miaka 69 na alifanyiwa upasuaji wa goti mwaka jana. Anatembea vizuri ila ngazi zinamchosha. Tutakuwa watu wazima saba na mtoto wa dada yangu mwenye miaka mitano. Miezi si tatizo.

Kuhusu orodha ni ya nani: Machu Picchu ni ndoto yangu, mwanga wa kaskazini ni wa dada yangu, na kupatwa kwa jua baba aliwahi kukutaja kwa hamu kubwa. Mama hajawahi kutaja mahali popote. Tulitaka safari yenyewe iwe siri hadi wiki ya mwisho.

Shangazi Mtalii
Siri! Mtu mwenye goti lililopasuliwa na mwingine mwenye presha, mnataka kuwaambia wiki moja kabla? Daktari atawaona lini? Dawa za kutosha safari nzima zitaandikwa lini? Na kama pasipoti ya mmoja wao imebakiza chini ya miezi sita, nchi nyingi hazitampokea.

Mtazama Nyota
Hapa siko pamoja na Shangazi. Furaha ya kushtukizwa nayo ni sehemu ya zawadi, na mambo ya pasipoti na daktari yanaweza kushughulikiwa kwa kisingizio kingine. Muhimu ni kwamba mzee mmoja ndani ya nyumba ameshasema anachokitaka, na ni kupatwa kwa jua. Sioni kwa nini mada hii inaendelea.

Karani
Inaendelea kwa sababu wazazi ni wawili. Baba amesema, mama hajaulizwa. Viza inahitaji saini yake na bima inahitaji historia yake ya ugonjwa, kwa hiyo siri hiyo haiwezi kulindwa bila kumdanganya. Pia kwenye safari ndefu ya ndege mtu aliyefanyiwa upasuaji wa goti anapaswa kuzungumza na daktari kuhusu hatari ya damu kuganda miguuni, kwa sababu kukaa bila kusogea kwa zaidi ya saa nne huiongeza. Kiti cha magurudumu cha uwanjani nacho huombwa mapema. Katika nchi za Umoja wa Ulaya taarifa inatakiwa ifike angalau saa 48 kabla ya ndege kuondoka.

Upepo wa Kusi
Nimerudi na habari mpya ambazo sijui kama zinasaidia. Dada yangu hakuvumilia, amemuuliza mama jana. Mama amesema angependa kusafiri kwa treni ndefu, mchana, akae dirishani, na kwamba popote treni hiyo inakokwenda yeye hana neno.

Mkoba Mwepesi
Basi Norwe imeshinda. Treni ya Oslo hadi Bergen huchukua takriban saa 7, hupanda hadi zaidi ya mita 1,200 na kuteremka tena baharini, na yote huonekana mchana. Mkimaliza, ndege ya kwenda Tromsø.

Mtazama Nyota
Wakati wa baridi, ambapo jua linazama mapema, saa ngapi za dirishani zitabaki? Hispania ina treni ya kasi kutoka Madrid hadi Sevilla tangu mwaka 1992, na kutoka hapo kuna nyingine hadi Cádiz, ndani ya njia ya kivuli. Akitaka ndefu zaidi, ipo ya Kairo hadi Luxor, inayofuata bonde la Nile. Mama anapata dirisha, baba anapata jua lake.

Shangazi Mtalii
Ya kasi si ya kuangalia dirishani, mwanangu. Hata ya Peru kutoka Ollantaytambo ina madirisha hadi darini, na inateremka badala ya kupanda. Sasa nami nimeanza kuitetea Peru.

Nahodha Mstaafu
Kama ni treni, mbona hamjataja ya Moscow hadi Vladivostok, kilomita 9,289?

Karani
Nahodha, amesema mchana. Upepo, malipo ya awali bado ni mwisho wa mwezi? Muulize wakala kwa maandishi kama yanarudishwa mkibadilisha nchi, na msilipe kabla hajajibu.

Upepo wa Kusi
Nimemuuliza. Anasema yanahamishika kwenda safari nyingine ndani ya mwaka huo huo tu, na 2027 hajaanza kuiuza. Baba bado hajaambiwa lolote.