Madalali wa boti za mifereji Uingereza, acheni kutuuzia futi!

Wakuu mlioko Uingereza mnaotafuta boti nyembamba (narrowboat) kubwa zaidi ya kuishi mferejini, uzi huu ni wa hasira. Matangazo ya boti za futi 60 hadi 70 yamejaa picha za jiko na kitanda, halafu unene wa chuma hauandikwi popote. Huu ni utapeli wa kunyamaza, na unawagharimu watu nyumba zao.

Huo urefu wenyewe kwanza. Upana haubadiliki, futi 6 na inchi 10, kwa sababu loki nyingi (vyumba vya milango ya maji vinavyopandisha na kushusha boti) za Midlands, katikati ya Uingereza, zina upana wa futi 7 tu. Anayetaka nafasi hana budi kuongeza urefu. Lakini boti ya futi 60 yenye sitaha ya wazi upande wa tezi imeshaliwa futi 7 au 8 hapo nyuma. Ya futi 57 ambayo paa lake linafika karibu na usukani inaweza kuwa ndefu zaidi ndani! Dalali anajua, ila anaandika 60 kwa herufi kubwa.

Na ya futi 70 utaipeleka wapi? Loki za mfereji wa Leeds and Liverpool kati ya Leeds na Wigan zina urefu wa futi 62. Za mfereji wa Calder and Hebble ni 57 na nusu. Hilo tangazo haligusii.

Sasa chuma, ambako ndiko pesa zinakozama. Boti nyingi za kisasa ni 10/6/4: bamba la chini milimita 10, mbavu (mabamba ya pembeni) 6, paa 4. Za zamani zilianza na 6 chini, au pungufu. Kampuni nyingi za bima zinataka isiyopungua milimita 4. Mbavu za 6 zenye vishimo vya kutu vya kina cha 2 zimeshafika ukingoni, hata kama lami ya nje inang'aa. Lami mpya iliyopakwa wiki moja kabla ya kuuza iwatie shaka.

Wakiambiwa chuma kimekwisha, wanachomelea mabamba juu ya yale ya zamani na kutangaza "imeimarishwa". Bamba la milimita 4 lina uzito wa kilo 31 kwa mita ya mraba. Sakafu pekee ya boti ya futi 60 inaongeza takriban tani moja. Farumi (uzito uliowekwa chini kuituliza boti) isipopunguzwa, boti inakaa chini zaidi, na matundu ya hewa ya injini na ya kutolea maji ya sinki yanasogelea maji. Hivyo boti inaweza kuzama ndani ya loki.

Kwa hiyo: amana ilipwe kwa maandishi kwamba inarudishwa ukaguzi ukishindwa. Boti ipandishwe nchi kavu, mkaguzi awe wenu, apime kwa mawimbi ya sauti na kupima kina cha vishimo. Ripoti aliyoilipia muuzaji haiwalindi, mkataba ule ni wake na mkaguzi. Halafu fungueni kifuniko cha sakafu mwisho wa chumba, karibu na injini. Mkikuta maji, kuna tangi au bafu linalovuja na chuma kinaliwa kutoka ndani, mahali ambapo jicho la nje halifiki.

Hasira yangu ya mwisho ni "ina maegesho". Maegesho kwa kawaida hayauzwi pamoja na boti, na mengi hayana kibali cha makazi. Ulizeni mwenye marina (bandari ndogo ya boti), si dalali. Bila maegesho, sheria ya mifereji ya 1995 inawataka mhame angalau kila siku 14, na tangu Aprili 2024 leseni ya boti ya namna hiyo ina nyongeza ya ada. Leseni ya muuzaji haihamishiki, tena si hati ya umiliki. Daini hati ya mauziano ya kila mmiliki aliyepita, na uthibitisho kwamba mkopo wowote umelipwa. Dalali asiyekuwa na karatasi hizo hana haki ya kuitangaza boti hiyo hata siku moja.