Tupeane uzoefu: kuchanganya kranki, gia na cheni kwenye baiskeli za mbio za zamani

#1 (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari zenu. Kila anayefufua baiskeli ya mbio ya zamani hufika mahali pamoja: kranki (mikono ya pedali) imetoka huku, friwili (gia za nyuma zinazofungwa kama skrubu) imetoka kule, direla ya nyuma (kifaa kinachohamisha cheni kati ya gia) imetolewa kwenye fremu iliyovunjika, na hujui kama vitaelewana mpaka uvifunge. Tukusanye visa vyetu hapa. Sema ulifunga nini na nini, ulipima nini, ikawaje. Vipimo vitatusaidia kuliko sifa.

Naanza mimi. Fremu yangu ni ya chuma, na ekseli ya kranki niliyoikuta ndani ni ya Kijapani, ncha za mraba, safi, gololi hazina hata kovu. Nikapata kranki ya Campagnolo, nayo ya tundu la mraba. Nikaona kazi imekwisha. Kuikaza tu, ikagoma njiani. Ilibaki nje karibu milimita 4 na nusu kuliko inavyotakiwa. Direla ya mbele haikuifikia gia kubwa hata baada ya kulegeza kabisa skrubu ya kikomo, na cheni ilipinda vibaya kila nilipopanda gia kubwa za nyuma.

Kumbe miraba ni miwili. Kuna kiwango cha JIS cha Wajapani na kile cha ISO kinachotumiwa na Wataliano. Yote ina mteremko uleule wa nyuzi 2, ila ncha ya ISO ni nyembamba zaidi, kwa hiyo kranki ya ISO ikiwekwa kwenye ekseli ya JIS husimama mapema. Kinyume chake ndicho kibaya zaidi: kranki ya JIS kwenye ekseli ya ISO huzama mno, inaweza kugonga mwisho kabla haijakaza, kisha ikacheza na kula tundu lake. Nilitafuta ekseli ya ISO, nikapima kutoka katikati ya bomba la kiti hadi katikati ya gia mbili za mbele: milimita 43.5. Tangu siku hiyo cheni imetulia.

#2
Asante kwa uzi huu, mkuu. Changu ni cha fremu yenyewe.

Nilikuwa na fremu ya chuma yenye nafasi ya milimita 126 nyuma, ile ya enzi za friwili ya gia 6. Nilitaka habu (kitovu cha gurudumu) ya kaseti ya gia 8, yaani gia za nyuma zinazochomekwa badala ya kufungwa kama skrubu, ambayo inahitaji 130. Wengine huitanua kwa mikono kila wanapotia gurudumu, na kwa milimita 4 inawezekana. Mimi sikupenda fremu ikae na mkazo huo siku zote, nikaamua kuipinda moja kwa moja.

Kabla ya yote nilifunga uzi: kutoka mdomo wa nyuma wa kulia (panapokaa ekseli ya gurudumu), ukazunguka bomba la kichwa, ukarudi mdomo wa kushoto. Nikapima umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti, upande huu na ule. Ulitofautiana milimita 1, maana yake fremu ilikuwa imepinda kidogo tangu zamani. Sasa hapa ndipo watu wengi huharibu. Ukivuta mikono yote miwili ya nyuma ya fremu kwa pamoja, ule dhaifu ndio utakaokwenda, mwingine utabaki palepale. Nilivuta mmoja mmoja, kidogo, nikipima uzi kila baada ya mvuto. Chuma hurudi kinapoachiwa, kwa hiyo unalazimika kupita kipimo kisha usubiri uone kimetulia wapi. Ilinichukua jioni nzima kupata milimita 2 kila upande. Mwishoni nikanyoosha midomo yenyewe ili itazamane sambamba. Hatua hiyo usiiruke, kwani midomo ikitazama pembeni ekseli ya nyuma hujikunja na mwisho hukatika.

Tafadhali, hii ni ya chuma tu. Fremu ya aluminiamu au ya kaboni usiiguse.

Gia zenyewe sasa: kaseti ya Shimano ya gia 8, leva za msuguano kwenye bomba la chini, na direla ya SunTour Cyclone. Zinafanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. SunTour walipata hataza ya direla ya pembenne mshazari mwaka 1964. Kwa sababu inasogea kwa mshazari, gurudumu lake la juu hufuata mteremko wa gia na kukaa karibu nazo kuanzia ndogo hadi kubwa. Na leva ya msuguano haihesabu hatua, mkono wako ndio unaopima, kwa hiyo haijali gia zimeachana milimita 5.5 au 4.8.

#3
Kwenye cheni, mimi hununua ya gia 8 kwa baiskeli zote za gia 5 hadi 8. Upana wake wa nje ni kama milimita 7.1, inapita hata kwenye friwili zilizobanana. Niliwahi kujaribu ya gia 9 kwenye kranki ya zamani: kila nikishuka kutoka gia kubwa ya mbele, ilitua katikati ya gia mbili na kuteleza bila kushika meno. Nikaitoa siku ileile.

#4
Mimi nina Peugeot ya Kifaransa, na nawaomba wenye baiskeli za Kifaransa wasome taratibu.

Friwili ya Kiingereza ina kipenyo cha inchi 1.37 na nyuzi za skrubu 24 kwa inchi. Ya Kifaransa ni milimita 34.7 kwa nafasi ya milimita 1. Kwa macho huzitofautishi. Niliyouziwa niliambiwa ni ya Kifaransa. Ilianza kuingia kwa vidole, mizunguko miwili, mitatu, ikakaza. Nikaongeza nguvu kwa spana. Nilipoitoa, nyuzi za habu zilikuja nayo kama vumbi la fedha. Habu ile ilikuwa ya asili na gurudumu lilisukwa vizuri sana, iliniuma. Siku hizi ikikaza kabla ya nusu ya safari, naitoa na kupima.

Pedali nazo: tundu la kranki yangu lilikuwa la milimita 14, pedali za kawaida ni inchi 9/16. Fundi alilichonga upya kwa 9/16, na kwenye kranki ya aluminiamu jambo hilo linakubalika kwa kuwa tofauti ni ndogo. Halafu vikombe vya ekseli ya kranki: kwenye fremu ya Kifaransa cha kulia hufunguka kama skrubu ya kawaida, kwenye fremu ya Kiingereza hufunguka kinyume. Jua kwanza, ndipo uegemee spana.

#5
Samahani wakuu, mimi ni mgeni. Nina leva za mibofyo za Shimano za gia 8, kaseti ya Shimano ya gia 8, na direla ya Dura-Ace (daraja la juu la Shimano) ya mfululizo wa 7400. Gia ya kwanza na ya pili zinakaa. Kuanzia ya nne cheni inarukia mbele. Nimebadilisha waya mara mbili. Nakosea wapi?

#6
Ndugu, leva zako ni za Dura-Ace pia?

#5
Hapana, ni za daraja la chini yake.

#6
Basi waya hauna kosa. Shimano walipoleta mfumo wa mibofyo wa SIS mwaka 1984, walianza na Dura-Ace 7400 ya gia 6, na direla za mfululizo huo zina uwiano wao peke yao: waya ukivutwa kiasi kilekile, zinasogea zaidi kuliko direla nyingine za Shimano. Leva za Dura-Ace za wakati huo huvuta waya kidogo ili kufidia. Wewe umechanganya, hivyo kila mbofyo unazidisha kipande, na vipande vinajumlishana hadi vinaonekana kwenye gia ya nne. Chagua moja: leva za Dura-Ace za mfululizo uleule, au direla nyingine ya Shimano ya kipindi hicho. Ukitaka kubaki na vyote ulivyonavyo, weka leva za msuguano.

#5
Nimeazima direla ya Shimano 105 kwa rafiki. Nimekaza waya robo mzunguko, gia zote 8 zinakaa, kupanda na kushuka. Ile ya Dura-Ace nimeifunga kwenye fremu ya pili yenye leva za msuguano, kesho naijaribu.