Makumbusho ya kupeleka wageni: Uholanzi, Ubelgiji na Berlin

Kutoka Utrecht

Habari zenu wanajumuiya. Msimu wa wageni umekaribia, na wengi tunapokea wazazi na wadogo zetu wanaokuja kwa viza ya wiki mbili tatu. Naomba tukusanye hapa: makumbusho yapi yanamfaa mtu aliyetoka nyumbani, tiketi zinapatikanaje, na mitego iko wapi. Tusiorodheshe kila jumba, tajeni yale mnayoyajua vizuri. Wageni wenyewe ni mchanganyiko, wazee wenye magoti mabovu na watoto wasiotulia.

Kutoka Amsterdam

Asante dada. Naanza na kadi, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Museumkaart inakuingiza kwenye makumbusho takriban 500 ya Uholanzi kwa mwaka mzima. Ukiinunua kaunta unapewa kwanza kadi ya muda, ambayo inadumu siku 31 na inakubali kuingia mara tano tu. Ukishaisajili mtandaoni, kadi kamili inakufuata kwa posta. Kwa mwenyeji haina ubishi, inunue. Kwa mgeni wa wiki mbili piga hesabu kwanza. Rijksmuseum na Van Gogh Museum, makumbusho makubwa ya sanaa ya hapa Amsterdam, kila moja ni zaidi ya yuro 20, kwa hiyo kwa kawaida jumba kubwa la nne ndilo linalorudisha pesa ya kadi. Kama mpango ni majumba mawili na kutembea kando ya mifereji, nunua tiketi za kawaida.

Watoto msiwakatie kadi kwa pupa. Rijksmuseum, Van Gogh na Mauritshuis ya Den Haag haziwatozi walio chini ya miaka 18. Lakini kutolipa hakumaanishi kuingia bila tiketi: unapoweka nafasi mtandaoni lazima uchague pia tiketi ya mtoto ya yuro 0. Familia nyingi hukwama mlangoni kwa sababu hiyo. Baba na mama wana nafasi ya saa 4 asubuhi, watoto hawamo kwenye orodha, na saa hiyo imeshajaa.

Kosa la pili ni kudhani kwamba ukiwa na kadi huhitaji kuweka nafasi. Van Gogh Museum hata mwenye kadi anachagua saa kabla hajaondoka nyumbani. Nyumba ya Anne Frank, yule msichana Myahudi aliyejificha humo wakati wa Wanazi, ni ngumu zaidi. Tiketi zake zinauzwa kwenye tovuti yao tu, zinafunguliwa kila Jumanne saa 4 asubuhi kwa saa za huku, kwa ajili ya wiki ya sita mbele. Mgeni akishatua ndipo ukaanza kutafuta, umechelewa. Mkishapata tarehe za ndege, hesabu wiki sita nyuma, weka kengele kwenye simu. Wazee wasioweza ngazi msiwapeleke. Ngazi za nyumba ile ya zamani ni nyembamba na zimesimama kama za kupandia darini, na hakuna njia nyingine ya kufika kwenye maficho.

Mwenye mzee naye, mimi ningempeleka Mauritshuis kabla ya Rijksmuseum. Ni nyumba ndogo, kuna lifti, na kwa saa moja na nusu mmeshaona mchoro wa msichana mwenye hereni ya lulu na michoro kadhaa ya Rembrandt bila kuchoka. Rijksmuseum bila mpango inamaliza miguu. Mkienda, nendeni moja kwa moja ghorofa ya pili kwenye ukumbi mkubwa wa katikati, mwone "Ronda ya Usiku", mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1642, kisha mteremke polepole. Ina faida moja kubwa: haifungi siku yoyote ya mwaka, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, Krismasi ikiwemo.

Mabegi makubwa yaacheni nyumbani, na pesa taslimu msizitegemee. Sehemu nyingi za Uholanzi siku hizi zinapokea kadi ya benki tu.

Kutoka Arnhem

Naongeza mawili ya upande wetu.

Kröller-Müller ina mkusanyiko wa pili kwa ukubwa duniani wa kazi za Van Gogh, na watu ni wachache kuliko Amsterdam. Ila imo ndani ya mbuga ya Hoge Veluwe, na mbuga ina kiingilio chake. Museumkaart inalipia jumba, mbuga hailipii. Watu hufika langoni wakidhani wamemaliza kulipa. Ingieni kwa lango la Otterlo, ndilo la karibu na jumba. Hapo langoni kuna baiskeli nyeupe za bure, nyingine zina kiti cha mtoto. Msiende Jumatatu.

Kwa watoto, Openluchtmuseum hapa Arnhem inashinda zote. Nyumba za wakulima, vinu na karakana za zamani zimehamishwa kutoka kila pembe ya nchi na kujengwa upya, na kuna tramu ya kizamani inayozunguka uwanja mzima. Mzee akichoka anapanda tramu, anateremka anapotaka. Museumkaart inakubalika. Kwenye treni msisahau Railrunner, tiketi ya watoto wenye miaka 4 hadi 11, yuro 2.50 kwa siku nzima wakiwa na mtu mzima.

Kutoka Brussels

Nami naingia kwa Ubelgiji. Hapa naomba mnisamehe nikirefusha, kwa sababu kuna vitu viwili ambavyo msomaji wa Kiswahili hatakiwi kuvikosa.

Cha kwanza ni AfricaMuseum ya Tervuren. Pandeni metro hadi Montgomery, mshuke mchukue tramu namba 44 mpaka mwisho wa njia. Tramu inapita msituni, safari yenyewe ni nzuri. Tervuren iko nje ya mkoa wa Brussels lakini tramu ni ya shirika lile lile la mjini, kwa hiyo tiketi ile ile inafaa, au mnagusisha kadi ya benki kwenye mashine ndani ya tramu. Mwangalie ratiba asubuhi hiyo, reli ile hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo. Jumatatu pamefungwa. Jumanne hadi Ijumaa milango hufunguliwa saa 5 mchana, Jumamosi na Jumapili saa 4 asubuhi. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia saa 7 mchana, kuingia ni bure. Lakini Jumatano mchana shule za Ubelgiji zimefunga, kwa hiyo mtakuta watoto wengi. Kwa mzee anayetaka utulivu, lipieni tiketi na mwende Alhamisi.

Mnaingilia jengo jipya la vioo, kisha mnapita chini ya ardhi kwenye ujia mweupe. Humo kuna mtumbwi wa urefu wa mita 22.5 uliochongwa kwa mti mmoja. Tembea kando yake pole pole kutoka tezi hadi omo, uangalie alama za tezo ubavuni. Ndipo mnapanda kwenye jengo la zamani la mwaka 1910, na hapo mgeni anahitaji maelezo kabla hajaanza kupiga picha. Jumba lilizaliwa na maonyesho ya mwaka 1897 ya mfalme Leopold II. Wakongo 267 waliletwa Ubelgiji kuonyeshwa kwa watazamaji, saba wakafa. Wamezikwa kando ya kanisa la Mtakatifu Yohana hapo hapo Tervuren, umbali wa kutembea kwa miguu: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Wapitieni makaburi hayo kabla ya jumba. Mtu akishayasoma majina yale anaviona vitu vya ndani kwa jicho jingine.

Ndani, tafuteni ujia wenye ukuta wa kumbukumbu. Jengo la zamani liliandika ukutani majina ya Wabelgiji 1,508 waliokufa Kongo kati ya 1876 na 1908, na la Mkongo hata mmoja halikuwemo. Jumba lilifungwa mwaka 2013, likafunguliwa tena Desemba 2018, na katika ukarabati huo Freddy Tsimba, mchongaji wa Kinshasa, aliweka majina ya Wakongo kwenye vioo vya madirisha yanayoukabili ukuta ule. Jua likiwaka, vivuli vya majina hayo vinaangukia juu ya yale ya zamani. Siku ya mawingu huoni kitu, unapita tu. Kwa hiyo angalieni hali ya hewa, na mkikuta mawingu asubuhi zungukeni vyumba vingine kwanza, mrudi jua likitoka.

Wanaotoka Lubumbashi na Kolwezi watasimama sana kwenye chumba cha madini. Watoto wapelekeni kwa tembo na twiga. Kwa jumla tengeni saa tatu, pamoja na kupumzika.

Cha pili ni kidogo mno, kinaenea kiganjani: mfupa wa Ishango, katika makumbusho ya sayansi asilia, Brussels penyewe, mwendo mfupi kutoka stesheni ya Bruxelles-Luxembourg. Mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin aliufukua mwaka 1950 Ishango, mashariki mwa Kongo, pale mto Semliki unapotoka ziwa Edward. Una urefu wa sentimita 10 hivi na kipande cha kwarzi kimepachikwa ncha moja. Unakadiriwa kuwa na miaka kama 20,000. Juu yake zimekatwa chale kwa mafungu, katika safu tatu. Safu moja inasomeka 11, 13, 17, 19. Nyingine 11, 21, 19, 9. Zijumlisheni, kila moja inatoa 60. Safu ya tatu inatoa 48. Wataalamu bado wanabishana kama ni hesabu, kalenda ya mwezi, au ni chale za kushikia vizuri, lakini kumwonyesha mtoto wa darasa la nne mfupa huu na kumpa karatasi ajumlishe mwenyewe ni somo asilolipata darasani. Watu wengi wanaupita kwa sababu wamekuja kuona dinosaria wa Bernissart, iguanodoni, zile zilizotolewa kwenye mgodi wa makaa mwaka 1878. Muulizeni mhudumu mlangoni "l'os d'Ishango", atawaelekeza.

Mwenyeji wa Ubelgiji: museumPASSmusées ni ya mwaka mzima, majumba zaidi ya 200. Msiichanganye na kadi ya Uholanzi, kila moja ina mpaka wake.

Kutoka Berlin

Kaka wa Brussels amenigusa. Huku kitu cha kwanza kwa Mtanzania ni Museum für Naturkunde, treni ya U6, kituo cha Naturkundemuseum, mlango uko jirani.

Ukumbi wa kwanza una Giraffatitan, dinosaria wa urefu wa mita 13.27 kutoka ardhini hadi utosini. Ametoka Tendaguru, Lindi. Wajerumani walichimba huko kuanzia 1909 hadi 1913, na waliofanya kazi yenyewe ni mamia ya watu wa kusini, msimamizi wao mkuu akiwa Boheti bin Amrani. Mifupa zaidi ya tani 200 ilibebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi. Ukisimama chini ya mguu wa mbele, tazama ule mfupa wa juu wa mguu huo: ni mfupa halisi. Fuvu la juu ni nakala, la kweli ni zito na ni dhaifu kupandishwa kule. Msitoke bila kuangalia wale wadogo pembeni, Kentrosaurus mwenye miiba na Dicraeosaurus, nao ni wa Tendaguru. Jumatatu wamefunga.

Sasa mitego. Pergamonmuseum imefungwa kabisa tangu Oktoba 2023. Sehemu yenye madhabahu ya Pergamon imepangiwa kufunguliwa 2027, na lango la Ishtar la Babeli mpaka 2037. Ng'ambo ya mfereji kuna jengo linaloitwa Pergamonmuseum. Das Panorama. Lina mchoro mkubwa wa mduara na baadhi ya sanamu halisi, ni zuri kwa namna yake, lakini anayetaka lango la Babeli asilipe huko. Pia tovuti nyingi za zamani bado zinataja Jumapili ya kwanza ya mwezi kuwa bure Berlin. Mpango huo ulifutwa mwishoni mwa 2024 bajeti ilipokatwa.

Sanamu ya Nefertiti, malkia wa Misri ya kale, iko Neues Museum, chini ya miaka 18 hawalipi. Kwenye chumba cha sanamu hiyo kupiga picha ni marufuku, mwambieni mgeni mapema asije akagombana na mlinzi. Humboldt Forum ndiyo yenye shaba za Benin, sanamu zilizoporwa ufalme wa Benin wa Nigeria ya leo, ambazo umiliki wake ulirudishwa Nigeria mwaka 2022.

Museumspass ya Berlin ni siku tatu mfululizo, majumba kama 30. Msiianze Jumapili, maana Jumatatu majumba mengi yamefungwa.

Kutoka Utrecht

Asanteni sana, mmetufaa. Swali la mwisho: Jumatatu inaonekana ni siku mbaya kila mahali. Mgeni akiwa na Jumatatu moja tu?

Kutoka Brussels

Dada, Amsterdam nendeni Rijksmuseum. Mauritshuis nayo hufunguliwa Jumatatu kuanzia saa 7 mchana. Brussels kuna House of European History ndani ya Parc Léopold, ni bure kila siku, Jumatatu nayo huanza saa 7 mchana, na mnapewa kompyuta kibao ya maelezo kwa lugha 24.

Kutoka Berlin

Na Berlin Jumatatu ni ya Humboldt Forum, wao hufunga Jumanne. Kwa hiyo Jumatatu huko, Jumanne kwa dinosaria. Mkiwa na mzee, majumba makubwa huazimisha viti vya magurudumu bure, ila ni vichache: andikeni barua pepe siku kadhaa kabla, na mbebe sarafu za yuro 1 na 2 za makabati ya mizigo.